Umechaguliwa vyuo viwili au vitatu? Soma hii kabla hujakonfemu

Wadogo zangu mliomaliza form six, najua saa hizi simu haziwekwi chini, kila baada ya dakika mtu anafungua akaunti ya chuo kuangalia kama jina limetoka. Mimi nafanya kazi stesheneri, msimu wa udahili ndo msimu wetu, na yale yale yanajirudia kila mwaka.

Tangu 2017 mnaomba moja kwa moja chuoni, sio kupitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kama walivyoomba kaka zenu, kwa hiyo mtu anaomba UDSM anaomba UDOM anaomba na SAUT halafu vyote vinamchukua, na hapo lazima athibitishe kimoja tu, ndo huko kukonfemu. TCU wanakutumia namba ya siri kwa sms, unaingia kwenye akaunti ya chuo UNACHOKITAKA unaijaza pale, umemaliza. Aliyechaguliwa chuo kimoja tu hii ya namba ya siri haimhusu, asihangaike.

Sasa kasheshe lipo kwenye namba ya simu. Kuna binti alikuja hapa analia, aliombewa na jamaa wa mtaani kwao na yule jamaa akajaza namba yake mwenyewe eti "ili nikufuatilie", sms zikaenda kwake na yeye kashaenda machimboni hapatikani. Ikabidi binti apige simu chuoni wambadilishie namba kwanza, ndo akaingia kwenye akaunti akaomba atumiwe namba ya siri upya (hicho kitufe kipo, wengi hawakioni). Alifanikiwa ila alikonda. Kwa hiyo hata ukiombewa na mtu, namba iwe yako au ya mzazi, na paswedi uiandike kwenye daftari lako. Na mtu akikupigia anajiita afisa udahili anataka umtajie namba ya siri akupangie kozi nzuri, kata simu.

Haya, uchague kipi? Hapa ndo watu wanachemka, wanakimbilia jina la chuo. Utasikia mtu kaacha kozi aliyoitamani toka form three kwa sababu washkaji wote wanaenda Dar. Mimi nasema anza na kozi, halafu hela, jina baadaye. Fungua joining instruction (yale maelekezo ya kujiunga) za vyuo vyote ulivyopata, ziweke pamoja, jumlisha ada na ile michango midogo midogo, mambo ya usajili, kitambulisho, bima ya NHIF, umoja wa wanafunzi, maana ada peke yake inadanganya. Alafu malazi. Ukikosa hosteli Dar utatafuta geto, na wenye geto wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, la sivyo utabanana na mwenzako kitanda kimoja. Muulize mtu anayesoma pale pale sasa hivi, sio mjomba aliyemaliza 1998.

Kwa wenye kutegemea HESLB (bodi ya mikopo), usikonfemu kwa imani kwamba mkopo utakuja asilimia zote. Kuna wanaopata wote, kuna wanaopewa nusu, kuna wanaokosa kabisa. Jiulize nikikosa, nyumbani wataweza ada ya hiki chuo? Kaa na mzazi mpige hesabu kwa karatasi, wazazi wengine hawasemi hawana mpaka siku ya kusafiri.

Ukishaamua usisubiri siku ya mwisho, mifumo inazidiwa, unabonyeza inazunguka tu, na dirisha likifungwa hujathibitisha nafasi zote zinaweza kukuponyoka ukarudi kuanza na raundi inayofuata, ambayo kozi zenye ushindani zishajaa.

Na ile ya "nakonfemu tu hapa nitahama mbele ya safari" muiogope. Kuhama kupo, dirisha lake lipo, ila lazima uwe na vigezo vya kozi unayoenda na nafasi iwepo, na mkopo nao inabidi uhamishwe ukufuate. Kila mwaka kuna first year yuko chuo kipya na hela zake bado zinasoma chuo alichotoka, wenzake wanasaini boom (hela ya kujikimu ya mkopo) yeye yuko mlangoni kwa afisa mikopo na faili mkononi.