Bega la kuogelea: jibu kwa mleta uzi anayeuliza kama apumzike au achome sindano

Mkuu, uzi wako nimeusoma wote. Unajiandaa na triathloni (kuogelea, baiskeli na mbio mfululizo) ya umbali wa Olimpiki, kuogelea umeongeza maradufu baada ya kupata bwawa karibu na kazini, na sasa bega la kulia linakusumbua ukinyoosha mkono juu kabatini na usiku huwezi kulalia upande huo. Wadau wamegawanyika: wengine wanataka upumzike hadi lipone, wengine wanakusukuma ukachome sindano uendelee. Mimi simo kundi lolote kati ya hayo. Bega la namna hiyo nimekaa nalo, la kulia vilevile, na leo naogelea baharini bila kulikumbuka. Daktari mimi siye, kwa hiyo chukua haya kama maneno ya mtu aliyepitia.

Kabla ya yote, hakikisha ni bega kweli. Sisi watu wa baiskeli tunalala juu ya viwiko muda mrefu huku shingo imekunjwa kutazama mbele, na shingo ikichoka maumivu yake hushukia begani. Kama yanapita kiwiko hadi mkononi, au vidole vinakufa ganzi, au ukigeuza shingo tu yanaamka, anza na shingo. Jaribio jingine: mwambie mtu akuinulie mkono wewe ukiwa umeulegeza. Kama hata yeye hawezi kuufikisha juu wala kuuzungusha nje, na umri wako uko kati ya 40 na 60 au una kisukari, huenda ni bega lililoganda, ambalo matibabu yake ni tofauti na subira yake ni ya miezi mingi. Ulianguka na baiskeli? Kapige eksirei, usisubiri. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, huvunjika kirahisi mno mtu akidondokea bega, na nimemwona jamaa yangu wa mazoezi akiruka tuta gizani barabara ya Bagamoyo, akainuka anasema "nimeteguka tu" wakati mfupa unaonekana umesukuma ngozi. Na bega la kushoto linalouma ukijitahidi, pamoja na kifua kubana au jasho la baridi, si habari ya jukwaani hiyo. Nenda hospitali.

Kwa ulivyoeleza, lako ni lile la kawaida la waogeleaji: kano za juu ya bega, yaani kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa, zimepewa kazi kuliko zilivyozoea. Kiungo cha bega kimekaa kama ndimu kwenye kijiko. Kinazunguka kila upande kwa sababu kikombe chake hakina kina, na kazi ya kuizuia ndimu isiteleze imeachiwa misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega. Sasa piga hesabu. Mita 1,500, umbali wa kuogelea wa mashindano yako, kwenye bwawa la mita 25 ni urefu 60. Mkono mmoja ukipiga maji mara 10 kila urefu, hiyo ni mara 600 kwa mkono huo, kwa zoezi moja. Ukiongeza maradufu, ujue umeiongezea nini ile misuli.

Hapa ndipo mtu wa triathloni anapotofautiana na mwogeleaji wa tangu utotoni. Yule bega lake limekomaa pamoja na pumzi yake. Sisi tumetoka kwenye mbio au baiskeli, mapafu na moyo tayari vimeiva, kwa hiyo tukiingia majini pumzi inaruhusu tuogelee umbali ambao kano bado hazijaafiki. Huchoki, basi unaongeza. Kano hujijenga taratibu sana kuliko pumzi, na hazina namna ya kukwambia mapema.

Kuna na hili la kwetu ambalo makala nyingi za Ulaya haziligusi. Wao wanaogelea na suti za mpira zinazoinua miguu juu. Maji ya pwani yetu ni ya moto, karibu mwaka mzima yako juu ya nyuzi 25, na hata mashindano ya Ironman, triathloni zile ndefu, maji yakizidi 24.5 aliyevaa suti hashindanii tuzo. Kwa hiyo tunaingia na kaptula. Mkimbiaji mwenye mapaja mazito miguu inazama, kichwa anakiinua, na ili asizame anaanza kuyakandamiza maji kwenda chini badala ya kuyavuta kwenda nyuma. Mkono ulionyooka unaosukuma chini, mbele ya kichwa, ndio unaoliumiza bega. Nilipotazama video yangu niliyopigwa kutoka pembeni mwa bwawa, nilikuwa nafanya hivyohivyo kila nilipovuta pumzi, upande wa kulia tu.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyekwenda kwake hakuanza na mashine. Alinivua shati, akanisimamisha nikimpa mgongo, akaniambia niinue mikono yote miwili polepole na kuishusha. Yeye alikuwa anatazama makombe ya bega, si mikono. La kulia lilikuwa linachomoza kama linataka kutoka mgongoni kila mkono uliposhuka. Kisha akanibana kiwiko ubavuni, akanipa kiganja chake nikisukume kwenda nje. Kushoto nilimsukuma. Kulia alinizuia kwa vidole viwili. Dakika hizo chache zilinieleza mengi kuliko MRI, picha ile ya mashine ya sumaku, ambayo kwa watu waliovuka 40 inaweza kuonyesha michaniko ya kano hata kwa asiyeumwa chochote. Kama uko Dar, MOI (taasisi ya mifupa) pale Muhimbili wana fiziotherapia, na hospitali nyingi za rufaa wanayo. Usikubali kuishia kwenye kuchuliwa. Kuchua kunapunguza mkazo siku hiyo, lakini misuli haipati nguvu kwa kukandwa.

Mazoezi aliyonipa ni ya kuchosha akili kwa udogo wake. Nilikata tyubu ya baiskeli iliyozeeka, nikafunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango. Taulo lililokunjwa unalibana kati ya kiwiko na ubavu, kiwiko kimepinda pembe mraba, unavuta tyubu kwenda nje, halafu unarudi polepole ukihesabu hadi tatu. Kule kurudi ndiko kwenye kazi. Seti 3 za 15. Kisha kuvuta tyubu kwa mikono miwili kuja kifuani huku makombe yanakutana nyuma. Kisha pushapu za ukutani, ukifika mwisho unaongeza msukumo mdogo hadi mgongo wa juu utune. Hilo ndilo lililolikalisha kombe langu. Siku moja unafanya, moja unaacha. Maumivu ya 3 kati ya 10 wakati wa zoezi si neno, ilimradi kesho yake asubuhi bega lisiamke limechachamaa. Likichachamaa, punguza mvuto wa tyubu, zoezi usiliache. Jipe kama wiki 12. Nafuu ya kwanza huwa ni usingizi, nguvu inachelewa.

Kuogelea usiache kabisa isipokuwa kama hata kupiga mswaki kunauma. Punguza hadi umbali ambao bega linauvumilia, ongeza kidogo kidogo kila wiki, siku nyingine piga miguu tu, mikono ukiiweka ubavuni, maana kushika ubao mbele nako hulikera bega bovu. Vile vibao vya plastiki vya kuvaa viganjani viweke kabatini. Sijui nani aliwaambia wanaojifunza kuogelea ukubwani kwamba vinajenga nguvu. Vinaongeza mzigo kwenye kiungo ambacho tayari kimelemewa, basi.

Kwenye mtindo angalia vitu viwili tu kwa sasa. Mkono uingie majini mbele ya bega lake, usivuke mstari wa pua, na vidole vya kati vitangulie. Ukiingiza kwa kidole gumba mkono wote unakuwa umejizungusha ndani na kano inakaa vibaya. Halafu mwili uzunguke kiunoni, bega lisiachwe lifanye kazi peke yake. Hili linakuja lenyewe ukijifunza kuvuta pumzi pande zote mbili. Na baharini utalihitaji kwa sababu nyingine: kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, ukiogelea kuelekea kaskazini, bahari iko kulia kwako na mawimbi yanakuja kutoka upande huohuo na nyuma. Anayepumua kulia tu anakunywa maji, basi anajiinua zaidi na zaidi, na bega la mkono ulioko mbele ndilo linalombeba.

Sasa sindano. Ile ya duka la dawa, diklofenaki, ni ya kutuliza maumivu tu. Unakwenda kuogelea juu ya kano ileile ila husikii. Na dawa za kundi hilo ukizimeza asubuhi ya mashindano, ukachanganya na joto letu na upungufu wa maji, unazitafutia figo zako kesi. Ya kotisoni, anayoichoma daktari begani, ni habari nyingine: inaweza kukupa wiki kadhaa za nafuu ili uweze kufanya mazoezi, na kwa mtu asiyelala kabisa siipingi. Ila kuirudiarudia kunadhoofisha kano. Upasuaji wa kukwangua mfupa juu ya kano nao aliutaja mdau mmoja hapo juu. Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio mawili, la Uingereza kwenye jarida la tiba la Lancet na la Ufini kwenye lile la BMJ, yakilinganisha operesheni hiyo na ya geresha ambapo kamera inaingizwa bila kukwangua chochote. Waliokwanguliwa hawakuwazidi wenzao kwa nafuu ya maana. Kano iliyochanika ghafla kwa kuanguka, mkono ukagoma kuinuka, hiyo ndiyo ya kumwona daktari wa mifupa haraka.

Baiskeli usiisahau. Kama vyuma vya kulalia viwiko viko mbali mno au chini mno, unashuka barabarani bega limechoka, na kesho yake unalipeleka bwawani. Pandisha kidogo, sogeza karibu, utapoteza sekunde chache tu.

Hujasema unapumua upande gani, na mashindano yako yamebakiza muda gani. Kama kuna mtu anaweza kukupiga video fupi, moja kutoka mbele na moja kutoka ubavuni, iweke hapa, sura uifiche. Na jaribu lile la kusukuma kiganja cha mtu ukiwa na kiwiko ubavuni, kulia na kushoto, utwambie tofauti ikoje.