Kabla hujanunua sili ya shafti, pima injini

Ndugu yangu wa Mikindani, umesema boti inaingiza maji penye shafti ya propela, pakingi, ile kamba inayoziba maji hapo, umeikaza mara mbili mwezi huu, na sasa unataka sili ya kaboni. Wazo zuri, ila tuanze kwingine.

Pakingi ya kamba inatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka. Maji hayo ndiyo yanayoipoza. Ukiikaza mpaka ikauke, inaungua na kuchimba mfereji kwenye shafti. Pitisha ukucha hapo. Ukikwama, shafti imeshaliwa, na pakingi mpya haitakusaidia.

Sili ya kaboni haibani shafti. Pete ya kaboni imetulia, ya chuma cha pua inazunguka na shafti, na mpira wenye mikunjo unazisukuma zigusane uso kwa uso. Injini ikikaa upande, nyuso zinaachana. Kwa hiyo boti ikiwa inaelea, fungua bolti za kapilingi, kiungo cha injini na shafti, upime nafasi kati ya nyuso zake mbili, pande nne. Kwa kapilingi ya milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1.

Fundi akitaka kurudishia skrubu za zamani za ile pete ya chuma, kataa. Mpira ufungwe klipu mbili kila upande. Na kila ukiipweleza boti, ikielea tena, injini ikiwa imezimwa, minya mpira kwa mkono hewa itoke mpaka maji yachuruzike. Mimi niliwahi kuiruka hatua hii. Harufu ya kuungua ilinifikia kabla sijatoka ghubani.

Mpira ukichanika, ngama, chini kabisa ndani ya boti, inajaa maji haraka kuliko ulivyozoea. Ukague kila mwezi, na usiuache uguswe na mafuta.