Teja, mraibu au mwathirika?

Swali: Najitolea katika nyumba ya upataji nafuu hapa Unguja. Tunaandaa bango la kuwaita vijana wanaotumia unga, yaani heroini, waje kutibiwa. Mwenzangu anataka tuandike "mateja", eti ndivyo wanavyojiita wenyewe. Mwingine anataka "waathirika wa madawa ya kulevya". Mimi nimependekeza "waraibu", nikaambiwa hakuna atakayeelewa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Tuanze na teja, maana hapo pana mengi. Mteja ni mnunuzi au mtu anayehudumiwa: mteja wa duka, mteja wa wakili. Mvue kiambishi m-, mara anaangukia kwenye kundi la kina zee, toto na jitu. Ukimwita mzee "zee" hujamwongezea umri, umemvunjia heshima. Teja lina umbo hilohilo. Hata ukilipatanisha kistaarabu, "teja huyu amekuja", mtu ameshashushwa kabla hajafika kwenye kitenzi. Ni kweli wenyewe huitana hivyo kijiweni, lakini wale wana utani wao. Bango la kituo halina utani na mtu.

Mwathirika kisarufi halina kosa. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi neno hili lilitumika kwa anayeishi na VVU, na wapo ambao wakilisikia tu hawasubiri umalizie. Isitoshe, mama ambaye sufuria zake zimeuzwa na mwanawe apate hela ya kete, naye si mwathirika wa dawa za kulevya? Bango lenu linamwita nani kati yao?

Na iwe dawa, si madawa. Dawa hii, dawa hizi. Hata sheria ya Tanzania ya 2015 inasema "Dawa za Kulevya". Wapo wanaotetea ma- kwamba inatenga zile mbaya na za kutibu. Ningewakubalia kama watu haohao wasingesema "madawa ya hospitali".

Sasa mraibu. Zamani uraibu kilikuwa kitu chenyewe: tambuu, tumbaku, chochote kinachotafunwa kwa starehe wala si kwa njaa. Bibi akimaliza kula alifungua kijaluba, akapaka chokaa kwenye jani, akatia kipande cha popoo, akakunja. Huo ndio uraibu wake, na hakuna aliyemwona mgonjwa. Baadaye maana ikahama kutoka kwenye kinachotafunwa hadi hali ya kushindwa kukiacha. Leo, kwenye kliniki za methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, kama ile ya Muhimbili iliyoanza mwaka 2011, mraibu ndilo neno la kazi. Halimtukani mtu, wala halimwonei huruma. Kwenye fomu, barua na ripoti zenu, liandikeni bila wasiwasi.

Kwenye bango, wenzako wana hoja: kijana wa maskani huenda asijue kuwa mraibu ni yeye. Lakini arosto anaijua. Ni yale maumivu ya viungo, miayo, makamasi na tumbo kukata pale unga unapokosekana. Nesi akiuliza "una dalili za kuacha dawa?" atatazamwa tu, akiuliza "una arosto?" atajibiwa tangu ilipoanza. Kwa hiyo msimpe mtu jina lolote. Andikeni: "Unatumia unga? Arosto inatibika. Njoo tuzungumze."