Kwa mnaoanza wodini: CRP huulizwa pamoja na saa

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo, msisome CRP, ile protini ya damu inayopimwa kwa sababu hupanda mwili unapopambana na maambukizi, kabla ya kuuliza homa ilianza lini. Mimi nilijifunza hivyo kwa hofu.

Nilikuwa zamu ya usiku. Mama mmoja akamleta mwanawe wa miaka mitatu. Homa ilikuwa imempanda jioni ile ile. CRP ikarudi 6 tu, iko chini. Nikaandika kwenye faili kwamba bakteria hawapo, nikahamia kitanda kingine. Asubuhi ilisoma 140 na mbavu za mtoto zilikuwa zinabonyea kila akivuta pumzi. Nimonia. Alipona, namshukuru Mungu, nami nikarudi kwenye madaftari ya chuo.

Bakteria wakiingia, seli zinazoitwa makrofeji huwatambua na kumwaga saitokini, protini ndogo ambazo seli hutumia kupashana habari. Mojawapo, TNF, hulegeza kuta za mishipa midogo ili chembe nyeupe zipenye. Ule wekundu na uvimbe unaouona kwenye jipu ni kazi yake kwa sehemu kubwa. Intalukini 1 huuambia ubongo upandishe joto. Intalukini 6 husafiri na damu mpaka kwenye ini, hunasa kwenye kipokezi chake, yaani mlango wa seli unaopokea ujumbe wake, na hapo ndipo ini huanza kutengeneza CRP. Hupita kama saa 6 hadi 8 kabla haijaanza kupanda kwenye damu, na kilele chake ni kwenye saa 48 hivi. Ini la yule mtoto lilikuwa ndiyo kwanza linapokea agizo.

Ndiyo maana pia mgonjwa anayetumia tosilizumabu, dawa inayoziba kipokezi hicho, anaweza kuwa na usaha mwilini na CRP yake ikabaki chini. Mguse, mpime, msikilize.

Jingine: mchochota, yaani huo wekundu, uvimbe na joto ambavyo kinga huleta, si adui wa kuzimwa kila unapomwona. TNF hiyo hiyo ndiyo inayoshikilia ukuta uliojengwa na seli za kinga kuvifungia vimelea vya kifua kikuu ndani ya pafu. Mpe mgonjwa wa baridi yabisi infliximabu, dawa inayoizuia TNF, vidole vitapoa, ila ukuta unaweza kubomoka na TB iliyolala miaka mingi ikaamka. Kwetu huku, ambako wengi wanabeba vimelea vilivyolala, kuanza dawa hiyo bila kuchunguza TB ni kosa kubwa.

Breki nazo zipo. Intalukini 10 hutolewa na makrofeji wale wale, kuwatuliza wenzao. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na kipokezi chake kibovu. Utumbo wao hujaa vidonda tangu uchanga, kwa sababu kinga inapigana na bakteria wa kawaida tu tunaoishi nao sote.

Kwenye fomu ya maabara andikeni saa homa ilipoanza, hata kama hakuna nafasi yake. Ikiwa haijamaliza saa 12, ombeni kipimo kirudiwe kesho yake, na usiku huo mpite kitandani zaidi ya mara moja.