Songkran pamoja na mama mzee na watoto: tulivyoiona Chiang Mai

Dada yangu, umeuliza kama inafaa kumpeleka mamako wa miaka 70 na watoto wawili Thailand wakati wa Songkran, au ni kweli alivyokwambia mwenzako kwamba ile ni sherehe ya vijana kulewa na kumwagiana maji barabarani. Nimeona waliotangulia kujibu wengi wamekukataza. Mimi nimekwenda, Aprili 2025, na mume wangu, binti yangu wa miaka 14, mwanangu wa kiume wa miaka 8, na mamangu mzazi ambaye alikuwa ametimiza 71. Jibu langu ni nenda, na mama usimwache. Yeye ndiye mwenye sherehe, nyinyi wengine ni wasindikizaji.

Songkran ni mwaka mpya wa Wathai. Neno limetoka kwenye Kisanskriti, maana yake ni kuvuka, yaani jua linapovuka na kuingia nyota ya Hamali. Husherehekewa tarehe 13, 14 na 15 Aprili kila mwaka, nchi nzima iko likizo. Hata mwaka wa serikali yao ulikuwa ukianza Aprili, mpaka 1941 walipouhamishia tarehe 1 Januari, lakini watu hawakuiacha sikukuu yao. Mwanangu alichokipenda zaidi ni kwamba kalenda yao imetutangulia kwa miaka 543, kwa hiyo kule ilikuwa 2568.

Sasa hayo maji. Unayoyaona kwenye simu, bunduki za plastiki na pikapu zilizojaa mapipa, ndiyo yaliyokuja nyuma. Yaliyotangulia ni maji kidogo ya maua anayomiminiwa mzee kwenye viganja na watoto na wajukuu zake, wakimtaka radhi kwa waliyomkosea mwaka mzima na wakiomba awaombee heri. Sisi tuliolelewa kuogopa kukosa radhi za mzazi jambo hili halihitaji kufasiriwa. UNESCO walipoiingiza Songkran kwenye orodha ya urithi wa utamaduni Desemba 2023, na hiyo heshima kwa wazee ilikuwa ndani yake, si zile bunduki peke yake.

Bangkok wakati huo sikushauri, ukiwa na mzee. Mitaa ya Silom na Khao San hujaa watu bega kwa bega hadi usiku, na wenyeji wengi wenyewe huwa wameshaondoka kwenda kwao. Panda hadi Chiang Mai, kaskazini. Kwa ndege ni kama saa moja na kidogo. Treni ya usiku ni nzuri na ina vitanda, lakini siku hizo tiketi huisha mapema mno kwa sababu kila mtu anarudi kwa wazazi. Mji wa kale wa Chiang Mai ni mraba uliozungukwa na handaki la maji pande zote nne, ndani yake mahekalu na vichochoro vya kutembea kwa miguu. Mzee anaweza kuona kila kitu bila kwenda mbali.

Kabla sijafika huko, mambo mawili ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano kila mtu awe nayo mkononi, mtoto kwa mzee. Ukitoka nchi zetu utatakiwa kwenda kwanza dawati la afya pale uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, kabla ya uhamiaji. Sisi tulipanga foleni ya uhamiaji dakika arubaini, tukarudishwa nyuma kupiga muhuri wa afya, mama amesimama muda wote huo baada ya ndege ya karibu saa tisa kutoka Nairobi. Pia msimcheleweshe mzee kufika. Sisi tulitua Chiang Mai jioni ya tarehe 12 tukidhani sherehe ni kesho. Maji yalikuwa yameshaanza. Barabara ya kandokando ya handaki ilikuwa haipitiki, dereva akatushusha mbali, tukaburuta masanduku katikati ya watu wanaotumwagia ndoo kwa furaha kabisa wakitutakia mwaka mwema. Mkoba wa mama uliingia maji na dawa zake za presha zikaloa. Tulipata nyingine duka la dawa kesho yake, lakini ule usiku sikulala. Fikeni tarehe 11 mchana, na dawa zote zifungeni kwenye mfuko wa plastiki.

Wengine watakwambia pia habari ya tetemeko. Lile la Myanmar la tarehe 28 Machi 2025 lilitikisa hadi Bangkok, na ndugu zetu walitupigia simu kutuzuia wiki mbili kabla ya safari. Tulikuta Chiang Mai watu wako kwenye shughuli zao.

Tarehe 13 asubuhi ndiyo siku ya watoto. Saa tatu jua halijawa kali na walevi hawajatoka. Wanangu walisimama mlangoni mwa nyumba ya wageni tuliyofikia, wao na watoto wa jirani, ndoo moja na makopo, wakimwagia kila tuktuk inayopita. (Kwa mtoto wa Mombasa tuktuk si kigeni, kigeni ni kuruhusiwa kumwagia maji abiria na abiria akacheka.) Zile pikapu nyekundu zenye viti viwili vya kutazamana, ndizo matatu zao, nauli ilikuwa baht 30, kama shilingi 115 za Kenya. Zingine hubeba pipa lenye barafu, na maji ya barafu yakikupata mgongoni kwenye joto la digrii 37 utapiga ukelele. Mama aliketi kizingitini juu ya kiti cha plastiki. Hakuna aliyemwagia ndoo. Walikuja mmoja mmoja, wakainama, wakamdondoshea matone begani na kusema maneno yao taratibu. Hata vijana wenye nywele za rangi walifanya hivyo. Maji ya nguvu hawamwagiwi wazee, watoto wachanga wala watawa, na wenyeji wanalijua hilo bila kuambiwa.

Mchana huo hupita msafara wa sanamu ya Budha iitwayo Phra Phuttha Sihing, ambayo hutolewa hekalu la Wat Phra Singh mara hii moja kwa mwaka na kuzungushwa mjini, watu wakiinyunyizia maji yenye manukato. Sisi ni Waislamu, na najua ndilo swali lako la pili hata kama hukuliandika. Tulitazama kutoka kando ya barabara, hatukunyunyiza, wala hakuna aliyetushinikiza. Watoto niliwaambia mapema: ile ni ibada ya watu, simu chini, sauti chini, na ukiingia uwanja wa hekalu mabega na magoti yafunikwe, viatu nje ya jengo. Ni adabu ile ile tunayoitaka kwa mgeni anayeingia msikitini kwetu.

Tarehe 14 watu huchota mchanga na kuupeleka mahekaluni, wakajenga vichuguu vya mchanga na kuvichomeka vibendera vya karatasi. Nilimwuliza mwenye nyumba sababu. Akasema mwaka mzima miguu yako ikitoka hekaluni hubeba mchanga kwenye nyayo, kwa hiyo mwisho wa mwaka unarudisha ulichochukua. Mama alimtaka binti yangu arudie tafsiri mara mbili ili asikie vizuri.

Tarehe 15 ndiyo niliyotaka nikuandikie. Kaskazini huiita Phaya Wan, siku kubwa ya mwaka. Asubuhi huenda hekaluni, kisha huwaendea wazee, na kitendo chenyewe huitwa dam hua, maana yake kuosha kichwa. Mwenye nyumba yetu ana mama wa miaka 80 na zaidi. Saa nne alitandikiwa mkeka ukumbini, akaketi juu ya mto, na wanawe, wakwe na wajukuu wakaja wamevaa mashati ya maua. Mbele yake palikuwa na bakuli la fedha lenye maji ya rangi ya chai nyepesi. Ndani mlielea maganda makavu ya mti wanaouita som poi, yaliyokaangwa kidogo motoni kwanza, na juu yake asumini. Asumini, dada! Harufu ilijaa nyumba nzima kama kwenye nyumba ya bi harusi.

Walikuwa wakipita mmoja mmoja kwa magoti, wakammiminia viganjani. Bibi akichukua maji yale kwa ncha za vidole akijipaka utosini, kisha akisema dua ndefu kwa sauti ndogo. Mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa analia. Sisi tulikuwa mlangoni tukitaka kuondoka tusiwaingilie. Yule bibi akainua mkono, akamwonyesha mamangu kidole, akapiga mkeka kofi mara mbili: njoo ukae hapa. Ukaletwa mto wa pili.

Mama akakaa. Wajukuu wa kigeni wakammiminia maji na yeye pia, akawaitikia kwa Kiswahili, "Mungu awakuze, awaweke na wazee wenu." Halafu ikafika zamu ya wanangu. Mwanangu alipofika kwa yule bibi wa Kithai hakujua la kusema, akasema lile analolijua: "Shikamoo bibi." Na kwa bibi yake mwenyewe akamimina hadi bakuli dogo likaisha, maana hakujua pa kuachia. Mimi nilipopiga magoti mbele ya mamangu, mwaka wangu wa 43, nilikumbuka kwamba sijawahi kumwomba radhi kwa maneno tangu siku ya harusi yangu. Nilimwomba pale.

Baadaye tukiwa chumbani mama aliniambia, "Hawa nao wanakoga mwaka." Amezaliwa Makunduchi, Unguja, akaolewa Mombasa. Akaanza kuwasimulia watoto habari ambazo hata mimi sikuwa nazo: jinsi siku ya mwaka Julai wanaume wanavyochapana kwa migomba ili kinyongo kiishe, kibanda cha makuti kinavyochomwa moto, na watu wanavyoteremka pwani kuoga. Alieleza alivyokuwa akishikwa mkono na nyanya yake kuingizwa majini. Wanangu walikuwa wameiona Mwaka Kogwa kwenye picha tu.

Sasa ya kuangalia. Barabara ndiyo hatari ya kwanza. Thailand huzihesabu siku saba za Songkran kuwa siku za hatari, na karibu kila mwaka waliokufa kwa ajali hupita 200, wengi ni wa pikipiki. Usikodi pikipiki hata kama mumeo ni dereva hodari. Maji ya handaki ni machafu. Mwanangu aliyachota kama wenzake, macho yakawa mekundu siku mbili mpaka tukapewa dawa ya matone. Mpe miwani ya kuogelea na umwambie afunge mdomo. Kuna udongo mweupe wanaoukoroga kama liwa na kupakana mashavuni. Binti yako akiwa mkubwa mfundishe kuinua kiganja kukataa. Wengi huelewa, na asiyeelewa muondokee. Kuanzia saa kumi jioni rudini ndani, pombe huwa imeshakolea mitaani. Na kama nyumbani kuna mwenye pumu, jua kwamba Machi na Aprili kaskazini kuna moshi wa mashamba na misitu inayochomwa. Chukueni barakoa nzuri.

Chakula halali hakikutusumbua. Karibu na soko la usiku kuna msikiti wa Ban Haw, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, na mtaa wake umejaa vibanda vya chakula. Pale ndipo mama alipokula khao soi, tambi kwenye mchuzi wa nazi na kuku, juu wameweka tambi zilizokaangwa zikavunjika kama bisi. Aprili pia ni msimu wa embe, na huzila na wali wa kunata uliotiwa tui. Tulizila kila siku.

Umeuliza mwisho siku ngapi na mavazi. Sisi tulikaa Chiang Mai usiku sita na tulishukuru kubaki hadi tarehe 18, maana baada ya sherehe mji hutulia na mzee anapumzika. Omba chumba cha chini. Simu ziingie kwenye mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni. Buibui la mama liliporowa lilikuwa zito kama gunia, kwa hiyo kuanzia siku ya pili alivaa dera na mtandio mwepesi, na leso moja mkononi ya kumfutia mtoto. Tarehe 15 mvishe mamako dera lenye maua makubwa. Wazee wa kule siku hiyo nao huvaa maua.