Fyuzi inakatika kila siku: nifunge waya?

SWALI: Fundi, jambo. Niko na saluni ya nywele hapa Kadutu, Bukavu. Regilateri yangu (kile kifaa cha kutuliza umeme) ya 1000 VA (mzigo inaoweza kubeba) iko na kafyuzi ka kioo nyuma, ka 5A, kanakatika kila nikiwasha kaske (ile kofia ya kukausha nywele) na seshuari (ya kukaushia ya mkono) pamoja. Kijana mmoja ananiambia nizungushie waya ya shaba tu itadumu. Sokoni naona za 5, za 10, zingine zimeandikwa F ao T. Nichukue gani? (Mama wa saluni)

JIBU: Mama, jambo sana. Waya hapana, na kama ulishaiweka itoe leo. Ndani ya fyuzi kuna kauzi kembamba kanakoyeyuka umeme ukizidi, njo kazi yake, sasa ukisokota nyuzi tano sita za shaba pale zinapitisha amperi makumi bila kukatika, na kitakachoungua ni regilateri ao nyaya za ukutani.

Sasa piga hesabu. 1000 VA ukigawa kwa 220V ni kama 4.5A, kwa hiyo ile 5A waliweka kwa akili. Soma nyuma ya mashini zako: kaske ikiwa wati 900 na seshuari 1200, pamoja ni 2100, ni kama 9.5A. Fyuzi haina kosa hata kidogo, mzigo njo mkubwa, na ukiweka ya 10 utakuwa unaomba moto uingie nyumbani.

Herufi: F inakatika haraka, T inavumilia kidogo ule mshtuko wa kuwasha, ndiyo maana T inaonekana sana kwa vitu vyenye transfoma ao mota. Fuata tu kilichoandikwa karibu na tundu, mfano T5A 250V. Ukikuta nyeupe ya kauri usirudishie ya kioo, ile ya kauri mara nyingi iko na mchanga ndani wa kuzima cheche umeme ukigongana kwa nguvu, kioo kinaweza kupasuka.

Wenye mashini ya kusaga unga wanajua zile fyuzi nene zilizoandikwa gG (ya kawaida, inakata mzigo ukizidi na kwa shoti) na aM (ya mota). Hii aM inalinda mota kwa shoti tu, bila relei ya joto (kifaa kinachokata umeme mota ikilemewa) pembeni mota itaungua na fyuzi iko nzima.

Fyuzi za gari zinajulikana kwa rangi, nyekundu amperi 10, buluu 15, njano 20, kijani 30, na nyingi zimeandikwa 32V, basi usidanganywe uingize moja kwa 220.

Kwa saluni yako, mwambie fundi akuvutie prizi ya pekee ya kaske na seshuari kutoka kwa dijonkteri (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya 16A, fili (waya) ya 2.5 mm², regilateri ibaki na redio na tonduze (mashine ya kunyolea).