Re: Andrews Geyser yafaa kwendwa?

Dada wa Shela, umeuliza ukienda kwa mwanao Asheville, North Carolina kule Marekani, kama Andrews Geyser, ile chemchemi ya maji ya kuruka pale mji wa Old Fort, yafaa kuonwa. Nenda, ila jina lisikudanganye, geyser ni maji moto yarukayo yenyewe toka ardhini, hii si maji moto, watu ndo waliitengeneza 1885 ikajengwa upya 1911, bwawa liko juu mlimani maji yanashuka na bomba yakifika chini yaruka juuu yenyewe bila pampu, kama tangi la darini vile. Reli nayo yazunguka hapo makona makona ikipanda, na hio ndo ilonigusa zaidi manake walochimba njia ya hio reli wengi ni wafungwa weusi na wengi walikufa. Upepo ukivuma simama mbali buibui litarowa chapachapa 😂 Mwanao aulizie kwanza njia na kama maji bado yaruka, kimbunga Helene 2024 kiliharibu sana huko.